Mbuzi wa Kilo Hamsini na Nane

Mwizi anayejiheshimu haibi pini. Hilo ndilo lililomkereketa Inspekta Mwanamize tangu alfajiri ya Jumatatu ile, na lilikuwa likimkereketa bado alipoingia kwenye korido ya seli za kituo cha Garsen, karatasi mkononi, chai yake ameiacha mezani ikipoa.

Nje langoni watu walikwisha kujaa, na hawakuja kusalimia. Walikuwa wanakijiji wa kando ya mto, wengine majembe begani kana kwamba wanatoka shambani, ingawa wiki ile hakuna aliyelima hata tuta moja. Walimtaka Mbodze. Jumamosi walikuwa wameichoma nyumba yake, na kitanda, na kuku wawili. Jumapili mchana Inspekta alimtoa bibi wa watu chooni nyuma ya kanisa, alikojificha, akamleta kituoni kwa gari. Angechelewa nusu saa, angeleta maiti.

Sasa sheria ilimpa Inspekta mpaka saa nane mchana. Saa nane Mbodze apandishwe kizimbani kwa mauaji, ama aachiliwe. Akishtakiwa, mwanamke wa miaka sabini na ushei atakaa rumande akingoja majibu ya maabara kutoka Mombasa, na maabara haina haraka na mtu. Akiachiliwa bila maelezo, hafiki hata sokoni.

Aliyekufa aliitwa Teresia, mke wa Jotham, miaka ishirini na tisa. Ijumaa alasiri watu waliokuwa wakienda kuvuka mto walimkuta amelazwa kivukoni, mikono kifuani, ndara zake za mpira zimepangwa kando ya miguu. Midomo ilikuwa imevimba, na koo limevimba. Kwa miaka mitatu mwili wake ulikuwa ukimchezea: wiki hii anatembea vizuri, wiki ijayo anaburura mguu, jicho moja linaingia ukungu, kisha linarudi lenyewe. Zahanati walimpa vidonge vya damu. Kijiji kikasema amerogwa. Na asubuhi ya Ijumaa hiyo hiyo, jirani yake Mbodze alionekana akimnywesha kitu kwenye kikombe. Basi, ushahidi gani tena?

Mwanamize alichuchumaa mbele ya seli.

"Bibi, nambie tena. Ulimpa nini?"

"Mwarobaini na ndimu, mwanangu. Hata mimi nilikunywa. Kikombe kimoja, yeye nusu, mimi nusu."

"Na sindano?"

"Sindano?" Mbodze aliinua uso. "Mimi hata ya kushonea, tundu lake silioni siku hizi."

"Ulikuwa ukimfanyia nini kingine?"

"Kumkanda miguu. Mafuta ya nazi na tangawizi, kila siku asubuhi. Ikipata moto, anacheka. Anasema, bibi, leo naisikia." Akajifuta pua kwa leso. "Anazikwa lini?"

"Bado. Pale kijijini ulihamia lini?"

"Mafuriko ya mwaka jana yalinitoa kwetu Chara. Teresia ndiye aliyenipa mahali pa kulala. Watu wengine hawakunitaka."

Mwanamize alisimama. Koplo Mramba alikuwa akimngoja kwenye mlango wa ofisi, mtu mzima aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu, mdomo umejaa mahamri.

"Nisomee ile orodha," Inspekta akamwambia.

Mramba alimeza kwanza. "Vitu ambavyo mume anasema marehemu alikuwa navyo Ijumaa asubuhi, na jioni havikuonekana. Pete ya ndoa, shaba, ina mkwaruzo. Vipuli. Klipu za nywele nne. Sidiria, samahani Afande. Na pini ya kufungia leso."

"Na kilichobaki?"

"Nguo, leso, ndara. Noti ya mia mbili, imefungwa kwenye pindo la leso."

"Mwizi kaiba pini, kaacha noti."

"Langoni wanasema mchawi huchukua vitu vilivyogusa mwili."

"Na leso haikugusa mwili?"

"Mimi nasema wanavyosema, Afande. Labda huyu mchawi analipwa mshahara, mia mbili haimshtui."

Mwanamize hakucheka. Alichukua ripoti ya daktari wa hospitali, akaisoma mara ya tano. Uvimbe wa koo. Vipele kifuani. Matundu mawili ya sindano: moja kwenye mkono, ndani ya kiwiko, la pili kwenye paja, limechomwa kwa nguvu mpaka nyama imechubuka. Sumu ya miti shamba haihitaji sindano. Jumapili jioni alikwenda zahanati, akahesabu dawa na muuguzi, hakikukosekana kitu. Katika eneo zima palibaki mahali pamoja tu penye sindano na watu wanaojua kuzitumia.

"Kaka wa marehemu anafanya wapi kazi?"

"Dan? Kule kwa mbuzi wa daktari," Mramba akasema. "Lakini Afande, yule kijana amelia mpaka sauti imekauka. Na ndiye aliyesomeshwa akawaacha wenzake wote hapa. Umshuku ndugu wa damu?"

"Sijamshuku mtu. Washa gari."

Kituo cha utafiti kilikuwa nje ya mji, upande wa mtoni: nyumba tatu za mabati, zizi la mbuzi, paneli za sola, na kontena kubwa jeupe lenye milango miwili. Daktari Sumeya aliwapokea kwa salamu ndefu na uso wa msiba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayeongea polepole, aliyezoea kueleza kazi yake kwa wazee wa mabaraza.

"Dan yuko?" Mwanamize aliuliza.

"Yuko ndani, anasafisha mashine. Nilimwambia akae nyumbani. Akanijibu kwamba mbuzi hawajui msiba."

Maiti ya dada mtu iko mochari, na yeye anasafisha mashine. Inspekta alilikunja hilo akaliweka.

"Nieleze mnachofanya hapa, Daktari. Nieleze kama unamweleza Koplo."

Mramba aliguna. Sumeya akatabasamu kidogo.

"Kuna kirusi cha mbuzi. Kikimwingia, mwili wake unazigeukia neva zake wenyewe. Neva ina ala juu yake, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira. Mpira ukichunika, umeme unapotea njiani, na mbuzi anaanza kuburura miguu. Kuna ugonjwa wa binadamu unaofanana na huo, unaitwa multiple sclerosis. Tunawafuata mbuzi tuelewe unavyoanza."

"Mnauonaje, uko ndani ya kichwa?"

"Kwa MRI. Ni mashine ya sumaku, inapiga picha za ubongo bila kupasua. Lakini picha tupu inaonyesha madoa tu, haisemi ni ya lini. Kwa hiyo katikati ya kazi tunamdunga mbuzi gadolinia mshipani. Ni dawa ya kung'arisha. Mahali penye uzima haipenyi kwenye ubongo, mishipa ina ukuta. Pale ugonjwa unapowaka sasa hivi, ukuta umetoboka, dawa inapenya, na doa linang'aa jeupe. Doa la zamani haling'ai. Ni kovu."

"Basi mnajua kidonda cha jana na cha mwaka juzi."

"Hasa."

"Nataka kuiona hiyo mashine."

Mlangoni pa kontena palikuwa na kibao chekundu na meza ndogo yenye sinia la plastiki. Sumeya alisimama hapo.

"Chuma chote hapa. Sumaku hii hailali. Kitu kidogo kinaruka kama risasi."

Mramba alitoa bastola, akampa dereva wao aishike mbali. Akatoa saa, simu, funguo, kisha mkanda, akabaki ameshika suruali kwa mkono mmoja huku analaani kimoyomoyo. Mwanamize alitoa pete, saa na kalamu.

"Na pini ya mtandio, Inspekta," Sumeya akasema. "Watu huisahau. Mbuzi nao tunawavua hereni zao za namba."

Mwanamize aliichomoa pini chini ya kidevu chake. Akaiangusha kwenye sinia, ikalia ti. Akabaki amesimama, mtandio umelegea, macho kwenye sinia: pete, saa, pini. Pete, vipuli, klipu, pini. Sidiria ina vikulabu vya chuma. Ndara za mpira hazina. Noti ya karatasi haina.

"Ewe Mola," alisema taratibu.

"Afande?"

"Mramba, soma orodha yako kichwani, uniambie ni kitu gani humo hakina chuma."

Koplo alifikiri. Mkono ulioshika suruali ulikaza.

"Daktari," Mwanamize akasema, "sinia hili anayelisafisha nani?"

"Qabale, mtunza mbuzi wetu."

Qabale aliitwa kutoka zizini. Alikuwa mama wa Kiorma, mrefu, mkavu wa maneno, mikono inanuka maziwa. Inspekta hakumzungusha.

"Mama, Ijumaa uliona kitu ndani ya sinia hili?"

Qabale alimtazama, akamtazama daktari, kisha akafungua fundo la nguo yake begani. Humo mlikuwa na pete ya shaba yenye mkwaruzo, vipuli viwili, klipu nne na pini.

"Mimi naokota hii Ijumaa, nikirudi swala. Kwetu kitu ya kuokota hakuna kutupa. Unafunga kwa nguo, unauliza watu, unangoja mwenyewe. Iko na ingine," akamtupia Mramba jicho, "nguo ya mwanamke ya ndani. Hiyo sitoi mbele ya huyu mzee."

"Uliuliza watu gani?"

"Mlinzi. Anasema hapana. Dan, anasema hapana. Halafu Dan naenda nyuma ya zizi, natapika."

"Na hukusema!" Sumeya alimaka.

"Mimi nasema, kijana iko na mwanamke, namleta huku sisi tukienda swala. Ni aibu yake. Mimi mambo ya aibu ya mtu siingii."

Inspekta alilipima hilo. Lilikuwa jibu zuri, na lingemtosha mpelelezi mvivu: kijana, mwanamke wa siri, dada mtu kawafumania. Lakini pete ilikuwa ya dada mtu mwenyewe.

"Ijumaa adhuhuri ni nani hubaki hapa?"

"Dan peke yake," Sumeya akajibu, na sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. "Sisi Waislamu tunaenda mjini kuswali, mlinzi naye. Dan ni Mkristo, ndiye hushika zamu. Saa sita mpaka saa nane. Ndivyo tulivyopanga tangu mwanzo."

"Mashine inaweka kumbukumbu?"

Walipita mlango wa pili, kwenye chumba kidogo cha kompyuta. Nyuma ya kioo kinene, Dan alikuwa ameinama juu ya kitanda cha mashine, anakisugua kwa kitambaa. Hakugeuka. Sumeya aliketi, akabonyeza hapa na pale.

"Picha za Ijumaa hakuna. Zimefutwa." Akabonyeza tena. "Lakini daftari la mashine lenyewe halifutiki. Ijumaa, saa sita na dakika arobaini na nane. Mbuzi namba kumi na nne. Gadolinia, mililita kumi na moja nukta sita." Akaacha kusoma.

"Kuna nini?"

"Uzito. Ameandika kilo hamsini na nane."

"Mbuzi hafiki huko?"

Aliyejibu ni Qabale, mlangoni. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akaenda zizini, akarudi na mbuzi kambeba kwapani kama anavyobebwa mtoto mkaidi. Kwenye sikio mlikuwa na hereni ya namba kumi na nne.

"Huyu? Kilo kumi na tisa, mimi mwenyewe napima Alhamisi. Dume yangu kubwa ile, thelathini na nane. Kilo hamsini na nane hapa ni mimi," akasema, "ama wewe."

Mramba aliitazama karatasi ya hospitali. Hakuhitaji kuulizwa. "Teresia, Afande. Mochari waliandika hamsini na nane."

Mwanamize alimwuliza daktari swali moja tu: "Kwa nini asidanganye? Kabadili jina, kabadili namba, kafuta picha. Kwa nini uzito aliandika wa kweli?"

"Mashine haiwaki bila uzito. Inautumia kupima nguvu yake, na sisi tunapimia dawa. Ukidanganya, unaweza kumuunguza aliyelala pale, au ukamzidishia." Sumeya alivua miwani. "Angedanganya, angemhatarisha."

Walimketisha Dan kwenye stuli, chumbani mwa kompyuta. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, kanyoa vizuri, mikono imepasuka kwa sabuni. Inspekta alimsomea haki zake zote, polepole, akamwuliza kama amezielewa. Akasema amezielewa. Ndipo Mwanamize akaiweka pini juu ya meza.

"Ya nani hii?"

Dan aliitazama muda mrefu.

"Ya Teresia."

"Kabati la dawa hapo ukutani lina kufuli jipya. La zamani lilipatwa na nini?"

"Nilimwambia Daktari mbuzi alilipiga teke."

"Mimi niambie la kweli."

"Nililivunja. Ndani mna dawa ya kumrudisha mtu, mwili ukiikataa gadolinia. Ufunguo Daktari alikuwa ameenda nao mjini. Nilivunja kwa jiwe la zizini. Nikamchoma pajani. Alikuwa ameshaondoka."

"Anza mwanzo."

"Miaka mitatu nawatazama mbuzi wakiburura miguu, Madam, na kila nikienda nyumbani namwona dada yangu anaburura vilevile. Vilevile kabisa. Mguu uleule, jicho lilelile. Nikamwambia Jotham twende Mombasa apigwe picha. Bei yake ni ng'ombe wawili, na ng'ombe waliisha kwa ukame. Watu wakasema mpelekeni kwa mganga. Mimi nina mashine! Nalala mita hamsini kutoka kwenye mashine!"

"Mwenyewe alikubali?"

"Alinibembeleza. Alitaka tu kujua jina lake, hata kama hakuna dawa. Nikamleta Ijumaa kwa pikipiki. Nikamvua kila kitu cha chuma, nikampima mara mbili. Alikuwa anacheka, anasema, leo mimi ni mbuzi wako."

Mramba aligeukia ukuta.

"Mililita kumi na moja nukta sita," Mwanamize akasema. "Kisha?"

"Kisha picha zikaanza kuja." Dan alifunika uso, akaufunua tena, kama aliyejiambia hastahili kujificha. "Mashine za watu zina kipira cha kubonyeza, mgonjwa akizidiwa anaita. Hii ni ya mbuzi. Mbuzi tunamlaza kwa dawa, haiti mtu. Na ile kelele yake, hata angepiga ukelele nisingesikia. Doa la kwanza likang'aa. La pili. Nikasema nimeupata, nimeupata, hujarogwa, dada yangu, nimeupata. Nilikuwa naangalia picha, Madam. Sikumwangalia yeye."

Mbuzi namba kumi na nne alilia nje, Qabale akamnyamazisha.

Sumeya alimgeukia kijana. "Mmoja kati ya maelfu mengi, Dan. Mwili unaikataa dawa ndani ya dakika chache tu. Lakini hukuwa na mtu wa pili chumbani. Hukuwa na ufunguo. Hata wewe unajua."

"Najua."

"Ukambebaje?" Mwanamize akauliza. Hakulegeza.

"Mkokoteni wa majani ya mbuzi, kwa mlango wa nyuma. Nilimweka kivukoni ili aonekane upesi, fisi wasimfikie. Vitu vyake nikavisahau mlango wa mbele. Niliporudi, Qabale alishaviokota. Ningesemaje ni vyangu?"

"Jumamosi nyumba ya bibi Mbodze ilipochomwa, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama."

"Na ulijua hana kosa."

Dan alivua kiatu cha kushoto, akatoa chini ya soli karatasi ya picha iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mezani. Kilikuwa kichwa cha mtu kilichokatwa vipande vipande vya kijivu, na juu pembeni, kwa herufi za mashine, pameandikwa MBUZI 14. Ndani ya kijivu kile mlikuwa na madoa.

"Niliichapisha kabla sijaenda kumtazama," alisema. "Nilitaka niingie nayo nimwonyeshe. Madoa manane. Haya matatu yanayong'aa ni mapya. Haya matano hayang'ai."

"Makovu," Mwanamize akasema.

"Makovu. Ya miaka miwili, mitatu."

"Na Mbodze alifika kijijini mwaka jana."

"Ndiyo, Madam. Nilikuwa na ushahidi wake ndani ya kiatu tangu Ijumaa. Lakini ukimwokoa yeye, unanifunga mimi." Akainua macho. "Naomba niwaambie mwenyewe. Pale langoni. Wakisikia kwa polisi watasema bibi kawapa hongo."

"Kila utakalosema pale litaandikwa."

"Liandikwe."

Walifika Garsen saa saba unusu. Njiani Mramba aliinamia sikio la Inspekta. "Afande, utaratibu hauruhusu mshukiwa kuhutubia mkutano."

"Utaratibu ungeruhusu nyumba ya mtu ichomwe?"

Koplo akakaa sawa, akakaza mkanda wake.

Langoni watu walikuwa wameongezeka, na Jotham alikuwa mbele yao, macho mekundu. Walipomwona Dan amefungwa pingu kelele zilipanda, kila mtu akidhani polisi wamekosea. Dan alisimama kwenye ngazi ya nyuma ya gari. Akasema yote, bila kujipamba: pikipiki, sindano, mlango wa nyuma, mkokoteni. Mramba alisimama kando yake na daftari, akiandika. Dan aliponyanyua picha kwa mikono yake miwili iliyofungwa, mama mmoja aliyekuwa nyuma alianza kulia kwa sauti, akashikwa na wenzake.

"Ulimwingiza mke wangu kwenye mashine ya mbuzi?" Jotham aliuliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Na ukatuacha tukachome nyumba ya mtu."

"Ndiyo."

Jotham aliketi chini palepale vumbini. Wanaume waliokuwa na majembe waliyateremsha mabegani, mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Maana nyumba haikuchomwa na Dan. Kila mmoja pale aliujua mkono ulioshika kiberiti, na Mramba alikuwa amefungua ukurasa mpya wa daftari.

Mwanamize aliingia ndani, akafungua seli mwenyewe.

"Toka, bibi. Huna kesi."

"Nimesamehewa?"

"Hukukosa kitu. Waliokukosea ndio nitakaoanza kuwaita sasa hivi."

Mbodze alitoka polepole, mkono ukutani. Barazani alisimama mbele ya umati, na umati ukafungua njia bila kuambiwa. Hakuifuata. Alikuwa anamtazama Dan, aliyekuwa bado ameishika ile karatasi.

"Mtoto huyu ana nini mkononi?"

"Ni picha, bibi," Mwanamize akasema. "Ya ndani ya kichwa cha Teresia. Hayo madoa ndiyo yaliyokuwa yakimla."

Bibi aliisogeza picha karibu na macho yake mabovu, akaipindua, akairudisha. Kidole chake chenye harufu ya tangawizi kilipita juu ya doa moja, kisha jingine, mpaka yote manane. Hakuwatazama waliomchomea nyumba, wala hakumwambia Dan neno baya. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mwaka mzima namkanda miguu," alisema. "Kumbe kilikuwa kichwa."